Rangi Imevuja Jichoni

Uko wapi wewe? Nimetoka hospitali ya macho sasa hivi.

Si unajua siku hizi nikikata nguo mstari wa chaki nauona umepinda kwenye kitambaa? Mama mkwe ndiye aliyenipeleka, maana bintiye, shemeji yako, yuko kazini. Mama mkwe, yaani.

Wakanichoma sindano ya dawa ya rangi, wakanipiga picha jicho. Nimekuwa wa njano mpaka viganja.

Daktari akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Eti rangi ilitakiwa ibaki ndani ya mishipa, kuta zake ndizo zinazolinda jicho. Yangu imevuja. Imevuja, nimeiona mwenyewe.

Akauliza, "Unakunywa pombe?" Nikasema hapana. Mama mkwe amekaa pale pale, mimi nasema hapana.

Mama hata hakunitazama. Akamuuliza daktari, "Na ubongo wake?"

Akajibiwa kwamba ubongo nao una ukuta wa namna hiyo, na pombe nyingi inaweza kuzilegeza kuta zote mbili, ila mashine ile haioni ubongo.

"Mimi nimeuona," mama akasema. Nesi akageukia dirishani kuficha kicheko.

Tukarudi nyumbani. Mlangoni akaniambia, "Mkeo utamwambia mwenyewe habari ya jicho na pombe, leo, kabla hujanywa, ili kesho ukumbuke ulichosema."

Nakaa, nasimama, nakaa tena. Cherehani sijaigusa. Na kiu ninayo, ndugu yangu, kiu ile ile.

Njoo ukae na mimi mpaka shemeji yako arudi. Lakini safari hii njoo mikono mitupu.