Trai Yangu ya Kwanza Jeddah

Ndugu yangu Wafula,

Pokea salamu kutoka kwenye joto linalonatisha shati mgongoni tangu alfajiri. Ikama, yaani kibali cha kukaa, haijatoka na kazi haijaanza, kwa hiyo nazunguka mtaa wa Bani Malik kama kuku anayetaka kutaga.

Jana nikakuta Wazungu wanacheza raga kwenye mchanga! Mzee mmoja Mwingereza, Colin, alikuwa kando akijifunga bandeji gotini. Akaniambia kwao amechezea ligi ndogo ya mkoa, ya wakulima na mafundi wasiolipwa, na babake aliichezea kabla yake. Sasa wakubwa wa chama cha raga wameivunja, timu yake imehamishiwa ligi nyingine.

"Wale tuliopigana nao vikumbo maisha yote tutakutana nao wapi?" akauliza.

Akavua viatu, akanisukumia. "Ingia wewe, haya, yalla!"

Vilinibana, lakini nilikimbia, Wafula. Niliangushwa, nikala mchanga, nikainuka, nikavuka mstari na mpira, nikafunga trai. Wote wakanirukia wakinikumbatia, na Colin akachechemea hadi kati ya kiwanja. Tangu nifike huku hakuna mtu aliyekuwa amenigusa.

Mkumbatie Mama kwa nguvu, kwa niaba yangu.

Barasa