Plasta Juu ya Kidonda cha Mama

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto. Mafua yamekuachia? Sisi tupo. Mimi siumwi, nimechoka tu, uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao.

Uliulizia hali ya Mama. Operesheni ya kuurudisha utumbo ndani ilikwenda vizuri, na ule mfuko wa choo aliotembea nao tumboni miezi tisa umeondoka. Siku ya kwanza alipokwenda msalani kama watu wengine alitoka huko anacheka, akasema sasa nimtafutie mchumba.

Kazi ilibaki kwenye kidonda. Daktari hakukifunga chote. Aliivuta ngozi kwa uzi kama mdomo wa mfuko wa kamba, akaacha tundu dogo katikati. Muuguzi alinieleza kwamba pale palikuwa njia ya choo, vijidudu havikosekani, kwa hiyo majimaji lazima yapate pa kutokea. Akaniagiza ninawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa, nibadilishe shashi safi kila siku, na nisilizibe tundu hata likinitisha.

Siku ya tisa baada ya kurudi nyumbani homa ikampanda. Ngozi kuzunguka kidonda ilikuwa nyekundu, ya moto. Hospitalini walibandua plasta pana, na usaha ukatoka. Daktari akauliza kwa ukali nani ameziba. Kabla sijafungua mdomo Mama akadakia, “Ni mimi, daktari. Nilichoka kuliona hilo tundu.” Akagombezwa kama mtoto mbele ya wodi nzima, nami nimesimama na mkoba wake mkononi.

Kaka, ni mimi niliyeziba. Siku mbili kabla ya homa nilikuwa nimeshona kola kiwandani tangu asubuhi, nikarudi nikakuta majimaji yamelowesha shuka nililolifua jana yake. Sikunawa hata mikono. Mama aliniambia taratibu, mwanangu, muuguzi amekataza. Nikamjibu kwamba muuguzi hafui mashuka yetu.

Walimsafisha, wakampa dawa ya sindano, akalazwa wiki nzima. Sasa homa imekwisha na kidonda kinajaa nyama kutoka ndani. Lakini kila akinitazama na kutabasamu, natamani anitukane.

Jana nilimfuata muuguzi nikamwambia ukweli wote. Nilitegemea maneno makali. Yeye akaniuliza tuko wangapi tunaomhudumia. Nikasema niko peke yangu. Akauliza kama Mama ana mtoto mwingine. Nikasema anaye. Akasema basi nikamwandikie, tena bila kuchelewa.

Ndiyo maana naandika. Njoo, kaka, japo wiki mbili. Kunawa mikono nitakufundisha mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, na hajui niliyokueleza. Mbusu mwanao mdogo kwa niaba yangu.

Mdogo wako anayekusubiri