Swali la Daraja la Msangano

Msangano,
21 Aprili 1957

Mdogo wangu Enoka,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Tumpe. Hali zenu huko Dar es Salaam? Mwili wangu mzima. Mvua bado inanyesha na ulezi umestawi, ila wa kuuvuna nitakuwa peke yangu.

Simu ya maandishi uliyoletewa ilisema shemeji yako Osea amekufa kwa ajali darajani. Haikuwa ajali. Keti nikueleze, maana wewe ni mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria na jambo hili ni la kwako.

Mwaka jana serikali ilileta mbao za mninga za kujenga daraja la mto Momba. Osea ndiye aliyekuwa nyapara, alizipokea kwa mikono yake. Kila boriti ilipigwa muhuri wa mshale, alama ya serikali. Zikawekwa kwa Jumbe Sadoki zisiibwe. Siku ya kuanza kazi, Osea akapewa magogo mabichi ya porini. Akauliza mninga iko wapi, akaambiwa imerudishwa bomani. Mwezi uliofuata Sadoki akaezeka nyumba mpya ya bati. Mimi nilikwenda kuwasaidia kupika siku ya kuihamia. Nikainua macho, nikaiona mishale juu ya kichwa changu.

Daraja lilipofika ng'ambo, Osea alikataa kulifungua. Sadoki akaja na lori lake la mahindi, linakwenda Tunduma. Nilikuwa pale, nimempelekea mume wangu chakula.

"Jumbe, miti hii haijakauka. Haiwezi kubeba lori."

"Osea, wewe ni nyapara au Mzungu?"

"Ni nyapara. Ndiyo maana nakwambia."

"Basi kama unaogopa, shuka chini ukalishikilie."

Enoka, alishuka. Alishuka na vibarua wawili kutia nguzo, kwa sababu lori lilikuwa limekwisha kuwashwa moto na dereva anamsikiliza jumbe. Daraja likavunjika. Dereva alitoka mzima. Wale watatu tuliwaokota kwenye matete.

Makaburini Sadoki akasimama kama mzee wa kanisa akasema, "Uzembe wa nyapara umetuletea msiba." Uzembe! Mbele ya jeneza!

Najua Sadoki ni mkweo. Najua Tumpe ni mtoto wake. Lakini mama alipokufa, nani alikubeba mgongoni? Simama katika Baraza lenu uulize mbao za Msangano ziko wapi. Nataka avuliwe cheo cha jumbe, na bati lake livuliwe, watu wakitazama.

Ni mimi dada yako,
Aida


Dar es Salaam,
19 Mei 1957

Dada Aida mpenzi,

Pole, na pole tena. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikashindwa kuingia ndani. Sisi hatujambo, ila joto la huku linamsumbua Tumpe, hasa sasa kwa kuwa ni mjamzito.

Osea alikuwa kwangu kama kaka. Sitasahau kwamba alinisindikiza kwa miguu mpaka Mbozi nilipokwenda shule. Lakini dada, Baraza si kama baraza la kijijini ambapo mtu huinuka akasema lililo moyoni. Swali huandikwa, hupelekwa mapema, nao hulichunguza. Kuanzia Julai wakubwa wa idara wataitwa mawaziri, na waziri atajibu kwa yale aliyoletewa kutoka wilayani. Nikimtaja mtu, nitaambiwa leta ushahidi. Mimi nimeteuliwa na Gavana, sikuchaguliwa. Anaweza kuniacha kama alivyoniokota.

Kwanza mwambie Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Akija kwenye ziara, mweleze kwa utulivu. Huenda mambo yakaisha bila kuvunja nyumba mbili. Tumpe sijamwambia neno.

Mdogo wako akupendaye,
Enoka


Msangano,
23 Juni 1957

Enoka,

Salamu. Mimi mzima.

Bwana Shauri alikuja. Nilimweleza kwa utulivu kama ulivyotaka. Akaniambia atalitazama. Kisha akaenda kula kuku kwa Sadoki, chini ya boriti zile zile, mguu wake umewekwa juu ya kigoda, wakacheka mpaka sisi tuliokuwa nje tukasikia. Alipoondoka, Sadoki alipita shambani kwangu. "Aida, sasa umechoka?"

Sijachoka.

Usiniandikie tena habari za joto. Niandikie siku utakayouliza.

Dada yako,
Aida


Msangano,
13 Oktoba 1957

Enoka,

Sikuulizi hali. Mimi siko mzima.

Sadoki amenunua redio ya betri. Ijumaa alipiga mbiu watu wote waje uani kwake kusikiliza habari za Baraza, kwa kuwa mwana wa Msangano ameuliza swali. Na mimi nikaenda. Nilivaa gauni la kanisani. Nilikaa mbele kabisa, nimefurahi kama bibi harusi, nikisema leo ndiyo leo.

Redio ikasema mjumbe Mwalimu Enoka ameuliza serikali imetumia nini katika madaraja ya upande wa Momba, na kwa nini daraja la Msangano lilianguka. Ndiyo hilo tu. Waziri akajibu kwamba serikali inajali sana barabara za mpakani, kwamba mbao bora zilitolewa, na kwamba daraja lilianguka kwa uzembe wa nyapara, marehemu Osea, aliyeruhusu lori lipite kabla ya kazi kukaguliwa.

Jina lake, Enoka. Walilitaja jina lake. Sasa uzembe wa Osea unajulikana Bukoba na Lindi.

Hakuna aliyenitazama. Sadoki alizima redio taratibu, akasema, "Serikali imesema." Ferista, mama wa mmoja wa wale vibarua, aliinuka akanitemea mate miguuni. Yule aliyekuwa analia nami makaburini! Sasa anaamini mume wangu alimwua mwanawe.

Uliuliza swali lenye mlango wa nyuma ili mkweo apite, na wakapitisha maiti ya Osea humo. Ulifanya vibaya kuliko kunyamaza.

Sitakuita mdogo wangu mpaka umtaje Sadoki kwa jina.

Aida


Dar es Salaam,
10 Novemba 1957

Dada yangu,

Siwezi kukusalimu kama kwamba hakuna kitu. Ni kweli. Niliandika swali kwa hila. Nilidhani waziri atasema "tutachunguza," na uchunguzi umfikie mzee Sadoki bila mkono wangu kuonekana.

Waziri aliposoma jina la Osea, mjumbe mmoja nyuma yangu alicheka kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba ndivyo watu wetu walivyo. Nikasimama kuuliza swali la nyongeza. Spika akaniuliza, "Ni swali au ni hotuba?" Nikaketi. Dada, tangu siku ile nikila chakula nasikia kile kicheko.

Tumpe amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Nesta. Mzee ameandika barua ya pongezi, na chini yake ameongeza: "Nashukuru umemaliza vizuri jambo la daraja." Ameniweka upande wake, kama mtu aliyefungiwa zizini pamoja na ng'ombe wa wizi.

Kikao kijacho ni Februari. Nimekwisha kuandika swali. Ndani yake lipo jina lake, zipo boriti, upo mshale, na bati. Nimeomba serikali itume mtu apande juu atazame.

Enoka


Dar es Salaam,
23 Februari 1958

Dada Aida,

Hujambo? Mtoto ana afya. Yupo safarini, utaona kwa nini.

Nimeuliza. Safari hii waziri alisoma majibu yake upesi upesi, kwamba habari alizonazo hazioneshi upungufu wowote wa mbao. Nikasimama.

"Je, Waziri anajua kwamba boriti zenye alama ya serikali zimeezeka nyumba ya Jumbe Sadoki wa Msangano?"

"Ningehitaji kupewa taarifa kwanza."

"Taarifa ndiyo hii. Je, anajua kwamba afisa wake alikula chakula chini ya boriti hizo?"

Spika aligonga meza. Watu wakaanza kunong'ona. Sikuketi.

"Je, Waziri anajua kwamba Jumbe Sadoki ni baba wa mke wangu, na kwamba nisingemtaja kama ingekuwa uongo?"

Waziri akanong'onezana na mtu wake, kisha akasema serikali itatuma mkaguzi kutoka Mbeya mara moja, na atasimamiwa na mtu asiyekuwa wa wilaya.

Niliporudi nyumbani Tumpe alikuwa amekwisha kusikia redioni. Hakulia. Alikuwa anafunga nguo za mtoto.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Ningekwenda mwenyewe kumwambia baba azishushe. Wewe umemvua nguo mbele ya Wazungu, na mimi nimejua pamoja na wapishi wao."

Nilimwomba asubiri. Akasema hawezi kulala na mtu anayekaa na siri kama hiyo miezi kumi kitanda kimoja. Amepanda treni, kisha atachukua mabasi mpaka Mbeya na Tunduma. Gavana naye, naambiwa, hataniteua tena.

Nimekupa ulichotaka. Sasa naomba kimoja: Tumpe akifika huko, mtazame.

Mdogo wako, ukikubali,
Enoka


Msangano,
16 Machi 1958

Mdogo wangu Enoka,

Salamu nyingi mno! Mimi mzima kabisa. Laiti ungekuwepo.

Mkaguzi alikuja na askari. Sadoki alimwandalia kiti, hakukikalia. Alitaka ngazi. Watu walijaa uani mpaka kwenye migomba. Akapanda, akapenya katikati ya boriti, akakaa humo kitambo. Kisha tukasikia sauti yake, "Shusheni bati lote."

Nililisikia kila bati likianguka. Boriti ya kwanza ilipotua chini, mkaguzi akaipangusa vumbi kwa leso, na mshale ukaonekana wazi. Nilimshika Ferista mkono, nikamwinamisha: "Tazama. Hii ndiyo iliyomwua mwanao." Akapiga yowe, akaanguka akaikumbatia ile mbao.

Sadoki alivuliwa kofia ya ujumbe pale pale. Boriti zimepelekwa mtoni, daraja linajengwa upya, na yule Bwana Shauri amehamishwa. Mvua ilinyesha jioni hiyo hiyo. Nyumba iko wazi kama chungu. Nilisimama njiani nikaitazama ikijaa maji, wala sikukimbilia mwavuli.

Lakini mkaguzi nilimwuliza, "Na jina la Osea?" Akasema yeye ametumwa mbao, hakutumwa majina. Kwa hiyo bado. Kule kwenu maandishi yanasema mume wangu mzembe. Anayeweza kusema kweli ni yule aliyemwambia ashuke.

Tumpe amefika na mtoto. Yuko kwa baba yake, wamejibanza jikoni chini ya mabua.

Dada yako,
Aida


Dar es Salaam,
30 Machi 1958

Dada mpenzi,

Nimefurahi kwa ajili ya Osea. Mimi mzima, ila nyumba ni kubwa mno.

Nakusihi, wapokee. Nesta ana miezi mitano, na mvua za huko nazijua. Hata mzee. Ameanguka tayari. Mtu aliyeanguka hapigwi.

Nimeandika barua kwa waziri jina la Osea lisafishwe. Wamejibu kwamba jambo limefungwa.

Mdogo wako,
Enoka


Msangano,
27 Aprili 1958

Mdogo wangu Enoka,

Salamu. Mtoto mzima, anacheka, ana paji la uso kama la mama yetu. Wako kwangu, yeye na Tumpe. Niliwafuata mwenyewe.

Sadoki aliwafuata nyuma, akakaa nje ya ua wangu na gunia kichwani. Watoto wake wa kiume wamevuka mpaka kwenda Nakonde, hakuna anayetaka kuonekana naye. Anakohoa. Akaomba aingie. Nikamwambia, "Ukisema darajani, utakula kwangu."

Jana daraja lilifunguliwa. Alikuja Bwana Shauri mpya, kanisa lote, na watu kutoka mbali, hata Itumba. Sadoki akasogea mbele. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Osea alikataa, na yeye ndiye aliyemshusha.

Nikasema, "Hawajasikia."

Akasema tena.

"Makaburini ulikuwa na sauti kubwa kuliko hiyo, Mzee."

Enoka, nilimfanya arudie mpaka waliokuwa ng'ambo ya mto wakaitikia kwamba wamesikia. Mwishowe alikuwa analia, kikohozi kinamkata maneno. Mchungaji alinishika bega aniache. Nikautoa mkono wake. Ferista alikuja akapiga magoti mbele yangu kuomba radhi, nikamwinua. Siku hiyo jina la Osea lilirudi nyumbani.

Nilitimiza ahadi. Nilimpa Sadoki ugali na maharage kwa mikono yangu, akala uani. Kisha nikamwambia sasa awafuate wanawe Nakonde, asirudi. Akainuka. Akanawa mikono vizuri, akaipangusa kwenye koti, akanyoosha mikono kwa Tumpe ambebe mjukuu kidogo amuage.

Nikasema, "Hapana. Katika ua wangu hapana."

Alishusha mikono, akaondoka. Njia ya Tunduma imenyooka pale, alionekana kwa muda mrefu.

Tumpe alimhamishia mtoto upande wa pili wa kifua, akanitazama. Amepika leo, amefagia, ameniitikia kila nilichomwuliza, na bado ananitazama. Nalijua jicho lile, Enoka. Mimi nimetembea nalo mwaka mzima, na najua kwamba halichoki.

Njoo. Jambo hili mimi siliwezi. Njoo kabla mtoto hajaanza kuelewa maneno.

Dada yako,
Aida