Bahasha ya Waya

Jumatatu, 3 Machi
Tovuti ya chuo imezimika. Ukurasa mweupe tupu — hata ile picha ya cherehani haipo. Na fomu za kujiunga ziko humo humo! Kampuni inayotujengea tovuti mpya inauliza swali moja tu: nani anasimamia mipangilio ya domeni? Yaani hilo jina letu la mtandaoni, nani anaweza kulielekeza kwenye tovuti mpya. Mkuu akanigeukia. Mimi, katibu wake kwa miaka kumi na moja, nikajibu bila kupepesa macho: Waya. Fundi wetu wa kompyuta, aliyeondoka mwaka jana. Nikatia na chumvi, eti aliondoka na kinyongo. Ulimi hauna mfupa.

Jumanne, 4 Machi
Mkuu anataka barua kwa mwajiri mpya wa Waya. Mama wa mapokezi akauliza kama kuna aliyempigia Waya mwenyewe. Nikamwambia ashike yake. Namba ninayo. Sikupiga.

Jumatano, 5 Machi
Nimechapa. Kwamba Waya ameshikilia mali ya chuo "kwa makusudi". Hayo maneno mawili ni yangu, Mkuu hakuyatamka. Amesaini. Itaondoka Ijumaa na dereva.

Alhamisi, 6 Machi
Kampuni imeleta jibu. Domeni imeandikishwa kwa barua pepe ya… nimesoma mara tatu. Yangu! Ile ya zamani, niliyoiacha niliposahau nywila.
Nikakimbilia daftari la makabidhiano. Mei 30: "Bahasha moja, nywila zote, na za domeni. Imepokelewa." Sahihi yangu hiyo, na mkia wake wa kujidai. Sasa nakumbuka. Mimi ndiye niliyemlazimisha aandikishe kwa jina langu. Nilisema kitu kama hicho hakiachiwi fundi.
Bahasha iko droo ya chini, imelaliwa na pakiti ya majani ya chai. Haijafunguliwa. Juu kaandika: "Dada, usiiweke mbali." Aibu gani hii! Nimejifungia chooni nikalia. Nyumbani mume wangu kauliza mbona sili. Nikasema kichwa.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimefungua bahasha, nikawapa kampuni nywila bila kusema zimetoka wapi. Saa tatu tovuti imerudi. Nywila zote zilikuwa sahihi. Mkuu kanisifu mbele ya walimu wote, eti nimembana Waya mpaka kaachia. Nikatabasamu. Nikatabasamu mimi! Mama wa mapokezi hakupiga makofi, aliniangalia tu.
Nikamfuata Mkuu ofisini, nikauliza kama barua bado ina haja. Akasema iende vilevile, iwe fundisho, huyo kijana asiharibu na kwingine. Waya ana mtoto mchanga. Kazi yenyewe hajamaliza mwaka. Mdomo nikaufungua — nikasema sawa Mkuu.
Barua hii hapa mbele yangu. Bahasha ya Waya pembeni yake. Dereva amesimama mlangoni, funguo mkononi.
"Dada, ndiyo hii?"
Nimemwambia asubiri, kuna kitu namalizia kuandika. Anadhani ni anwani.