Mama Anaogopa Kusema Usingizini

Kwa Kaka Byeongcheol,

Hujambo? Wifi na watoto nao hawajambo? Nauliza kwa sababu nililelewa kuuliza. Tangu ulipojitwalia shamba lote la matofaa la Baba ukaniachia mimi masufuria, niliapa sikuandikii tena. Huku Cheongsong tu wazima, isipokuwa Mama.

Chakula hakikai tumboni. Hata uji wa mchele anaurudisha, na suruali yake ya shambani sasa anaifunga kwa kamba. Daktari anataka kumpitishia tena kooni ule mpira wenye kamera alitazame tumbo. Kipimo cha Aprili hakikufaa kitu. Alifanyiwa akiwa macho, kwa dawa ya kupuliziwa kooni tu, maana zahanati haimlazi mtu usingizi bila ndugu wa kumngoja na kumrudisha nyumbani, na mimi mguu wangu ulikuwa kwenye plasta. Mama alitapika, akang'ata, akauvuta mpira kwa mikono yake. Daktari aliona nusu ya tumbo akaacha.

Juzi alitukalisha akatueleza polepole. Mama akiwa macho, yatakuwa yale yale. Kuna dawa nyeupe kama maziwa, inalaza fofofo na mtu anaamka upesi, lakini kwa kifua cha Mama anahofia pumzi. Iliyobaki ni ya usingizi mwepesi: atasikia akiambiwa ameze, na akiamka hatakumbuka kitu. Nikasema hiyo hiyo, mguu umepona, nitamngoja mimi. Mama akakataa katakata. Anataka awe macho.

Unamjua Mama Dongsu, jirani. Alipolazwa kwa dawa hiyo alimsema mkwewe tangu kitandani hadi kwenye maegesho ya magari, na kijiji kinamcheka mpaka leo. Nikadhani Mama naye anaogopa kuchekwa. Nilipombana njiani akasema, "Nilale, nije nimtukane mwanangu mbele ya manesi? Nimeyabana humu tangu Aprili. Heri nikabwe na mpira."

Anaamini uliombwa uje kumngoja ukakataa. Ukoo mzima unaamini. Ndiyo maana siku ya kumkumbuka Baba hakuna aliyekumiminia kinywaji, ukaondoka umenuna bila kujua kosa lako.

Hukukataa, Kaka. Sikukupigia. Mama aliniomba, nikaishika simu, nikalikumbuka shamba, nikaiweka chini. Nikamwambia umesema kipimo ni dakika tano tu, avumilie. Maneno hayo niliyatunga mimi, na alipokukasirikia nilifurahi.

Leo asubuhi nilimweleza ukweli wote, nimepiga magoti. Hakuniamini. Alinipapasa mgongo, akasema tangu utotoni mimi ndiye wa kukufichia makosa, niache sasa, nimekuwa mtu mzima. Nililia mpaka akanipangusa uso kwa aproni yake ya jikoni.

Kwa hiyo neno langu halina kazi tena kwake. Kipimo ni Alhamisi saa tatu asubuhi, na akikifanya akiwa macho hakitaonekana kitu, na hilo lililomo tumboni halitamngoja. Njoo Jumatano. Keti mbele yake, akutukane nyumbani ayamalize yote, wala usijitetee. Huenda Alhamisi akakubali kulala.

La shamba sijakusamehe, na wewe usinisamehe. Wape salamu wifi na watoto.

Mdogo wako,
Malsun