Uzi Niliotia Kwapani mwa Baba Zuhura

Jumapili, Kimisagara. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa adhuhuri imepita bado inagonga mabati. Cherehani nimeifunika. Leo sina mkono wa kushona.

Assalaam aleikum ndugu zangu mnaopita kwenye ukurasa wangu huu, na nyinyi wa upande wa kanisa nawasalimu kwa amani ile ile. Hamjambo? Vifua vinaendeleaje na baridi hii? Watoto wameamka salama? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah. Uso ndio sijui niuweke wapi.

Nimeaibika, na aibu yenyewe nimeishona kwa mikono yangu.

Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa dereva wa daktari mmoja wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri, miaka mingi. Aliposhikwa na sukari, huyo daktari, sisi tunamwita Dokta tu, alimwambia, "Idi, umekaa kwenye kiti cha gari vya kutosha. Sasa tembea." Akampa fimbo zake za zamani za gofu, na kila Jumamosi humwalika uwanjani kama mgeni wake. Mwanzoni nilicheka. Fimbo za gofu kwenye nyumba yetu ya Kimisagara, zimesimama kando ya jiko la mkaa!

Lakini sukari ikashuka. Akaanza kulala vizuri. Jumamosi jioni anakula isombe yake ya majani ya muhogo huku ananisimulia mpira ulikwenda wapi, utadhani kijana. Nikamshukuru Mungu, nami nikaanza kumsindikiza. Nakaa kwenye benchi na buibui langu na raba miguuni, nanywa chai, naangalia.

Hapo kwenye kuangalia ndipo nilipoharibu.

Mimi shule niliishia darasa la sita, ila jicho la fundi ninalo. Mteja akiingia dukani kwangu, kabla sijaitika salamu yake nimeshaona bega gani limeshuka. Basi nikaanza kumwangalia Baba Zuhura hivyo hivyo. Anaikaba fimbo kama anakamua shuka. Kichwa anakiinua kabla mpira haujaondoka, kwa hamu ya kuona ulikokwenda. Na kiwiko cha kulia kinafunguka kwenda nje kama mlango wa choo usio na komeo, ndiyo maana mipira yake yote inakimbilia kulia, kwenye miti.

Nikatafuta video kwenye simu. Nikajua zaidi. Nikaanza kusema.

"Kichwa, Baba Zuhura!"

"Kiwiko!"

"Legeza mikono, hilo si koo la mbuzi!"

Nilikuwa nasema kutoka benchini, kwa sauti, na watu wanasikia. Mzee Karangwa, rafiki wa Dokta, mtu wa utani sana, akaniita "kocha". Nami nikafurahi. Naungama: nilifurahi.

Basi Ijumaa jioni nikapata akili. Kwenye video nilikuwa nimeona mwalimu akimbana mwanafunzi taulo kwapani, ili kiwiko kisitoke. Nikasema mimi fundi, taulo la nini? Nikachukua shati lake la Jumamosi, lile la bluu, nikaushona mkono wa kulia kwenye ubavu wa shati, kwa ndani, chini kidogo ya kwapa. Kazi safi. Kwa nje huoni kitu.

Sikumuuliza. Wateja wangu pia siwaulizi. Namshika mtu mabega namgeuza, nabana kiuno kwa pini, naye anasimama tu. Nimezoea hivyo.

Jana alipolivaa alisema, "Mama Zuhura, mbona hili shati linanibana?"

"Livae tu. Litakusaidia."

Akalivaa. Neno langu lilimtosha.

Jana ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mitaa. Asubuhi kila mtu yuko mtaani kwake anafagia mifereji na kukata majani, kwa hiyo pale uwanjani walifika wote kwa mpigo, kazi ilipokwisha. Sijawahi kuona watu wengi hivyo sehemu ya mazoezi. Baba Zuhura akasimama kwenye nafasi yake. Mimi nikaegemea mbele kwenye benchi, na, Mungu anisamehe, nikawaambia waliokuwa karibu, "Mwangalieni leo kiwiko."

Wakamwangalia.

Akavuta fimbo nyuma kwa nguvu zake zote, kama kawaida yake. Shati likalia. Likapasuka kutoka kwapani mpaka kiunoni, kipande cha mgongo kikaning'inia.

Na mimi ningetumia bandi, ule mshono wa muda ambao ukivutwa kidogo unakatika wenyewe, kungekuwa hakuna neno. Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angejua. Lakini nilitaka kiwiko kitii. Nilitia uzi wa jinzi.

Bado sijafika kwenye aibu yenyewe.

Chini ya shati alikuwa na fulana ya ndani, na fulana ile ilikuwa imechoka kabisa, imetoboka mgongoni tundu la kupitisha ngumi, na tundu jingine chini yake. Fulana ya mume wa fundi. Aliwahi kuniambia, "Fulana zangu zimekwisha, ukipata nafasi," nami nikamjibu nina magauni ya harusi ya watu.

"Yebabawe!" Mzee Karangwa akapaza sauti. "Kocha, kumbe wewe unashona nje tu? Ndani umemwachia nani?"

Watu wakacheka. Baba Zuhura naye akacheka. Nimeishi naye muda mrefu, nakijua kicheko chake, na kile hakikuwa chake. Dokta alivua koti lake la mvua akamfunika mabega. Baba Zuhura akashukuru, akapanga fimbo kwenye mfuko wake wa gofu moja moja, akafuta kila moja kwanza, kisha akasema, "Mama Zuhura, twende."

Tukakodi pikipiki. Kila mmoja na pikipiki yake, mimi nyuma yake, naangalia koti la Dokta linavyopepea. Nyumbani aliswali, akala kidogo. Nikaanza, "Nisamehe, Baba Zuhura, mimi nilitaka tu..." Akanikatiza kwa upole.

"Najua ulichotaka. Jumamosi ijayo nitabaki nyumbani. Nipumzishe miguu."

Basi. Hakugombeza. Afadhali angegombeza.

Miguu yake haihitaji kupumzika, ndugu zangu. Ile miguu ikipumzika sukari inarudi, na usingizi unaondoka, na ile furaha ya Jumamosi jioni nitaikosa kwenye sahani yake. Yote hayo kwa ajili ya kiwiko. Nani aliniambia kiwiko kina shida? Mpira ulikuwa unakwenda kulia, sawa. Naye alikuwa anaufuata huko kwenye miti, anatembea. Si ndicho alichotumwa na Dokta?

Asubuhi hii ameondoka kwenda Gatsata kwa kaka yake, na mvua hii. Nilipobaki peke yangu nikachukua fimbo yake moja, nikasimama barazani. Nikafunga vipande vya vitambaa vikawa kama mpira. Nikajiambia, haya kocha. Legeza mikono. Kiwiko ndani. Kichwa chini.

Nikapiga hewa. Nikarudia, nikapiga saruji, mikono ikafa ganzi. Mara ya tatu nikaugusa, na kabla haujaenda popote nilikuwa nimeshainua kichwa kuchungulia.

Nikakaa chini pale pale nikalia. Kwenye swala ya adhuhuri nimemwomba Mungu anifunge mdomo. Na jicho pia, ikiwezekana, au aligeuzie kwangu.

Sasa naandika hapa, si nyumbani kwa siri, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo pa kuomba radhi. Na kuna msomaji mmoja wa hapa ambaye haachi maoni kamwe. Anasoma kwenye simu, kimya kimya. Nilijua siku niliyokosea humu jina la mtaa, jioni akanirekebisha taratibu huku anavua viatu, tukiwa wawili tu.

Baba Zuhura, nisamehe. Shati nimelifumua, nimelishona upya, mkono uko huru. Kitambaa laini cha pamba kipo mezani kwa ajili ya fulana zako, magauni ya watu yatangoja. Sijakata. Vipimo vyako navijua kwa kichwa, lakini safari hii nangoja uje, nikuulize kwanza kama naruhusiwa kukupima.

Jumamosi nenda kapige kulia. Ukitaka nikusindikize nitakaa na chai yangu mdomoni. Ukitaka nibaki, nitabaki.

Mvua inapungua. Nijibu mapema, tafadhali, hata neno moja.