Ufunguo Uliokuwa Kwenye Picha

Pioneer, Eldoret
Jumatano

Kwako dada yangu Waiyego,

Pokea salamu kutoka huku Pioneer. Mama anaendeleaje na mguu wake? Na duka hapo Kesses, wanafunzi wa chuo wamerudi ama bado unawauzia ng'ombe mikate? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Barua hii nimempa Mabonga wa boda akuletee mkononi, kwa sababu daktari mwenye hospitali yetu amekusanya simu zetu zote zikaguliwe.

Unajua kazi yangu ni faili za wagonjwa. Siku hizi kila jioni kompyuta inazituma kwa cloud, zikae salama huko mtandaoni. Sasa ufunguo wa kuingia huko, yaani yale maneno marefu ya siri, aliyetuwekea mtambo aliuandika wazi ndani ya faili ya settings, ile ya mipangilio ya mtambo. Ni kama kufunga stoo ya mahindi halafu ufunguo unautundika papo hapo mlangoni. Nilikuwa nauona kila siku na sikushtuka.

Mwezi uliopita mtambo ukakataa kutuma. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupa kwa group ya WhatsApp ya wale tuliosoma nao kompyuta, nikaomba msaada. Lennox, ndugu ya Mungai wako, alinijibu haraka akanionyesha shida iko wapi. Akanionya pia ati ufunguo umeonekana kwa picha, ufutwe, utolewe mwingine, na huo mpya ufungiwe mahali pake, usiandikwe tena kwa settings. Nikamjibu kwamba nitamwambia daktari. Sikumwambia, niliogopa kuulizwa nani alituma picha.

Wiki hii Lawrence, fundi mpya, amegundua kuna mtu wa nje aliingia. Ufunguo wa zamani ameufuta, na mpya ameufungia vizuri, hata mimi siwezi kuuona. Daktari ametukataza kuwaambia wagonjwa. Anasema hakuna kilichoharibika.

Waiyego, faili iliyofunguliwa ni moja tu, na ni yako. Ni ile ya operesheni, ile ambayo ulinishika mkono ukaniomba hata mama asijue kwamba kizazi kilitolewa.

Sitaki kumsingizia mtu. Lakini Jumapili Lennox alinipigia akaniuliza kama mwanamke aliyetolewa kizazi anaweza bado kuzaa. Nilikata simu.

Jumamosi wazee wa kina Mungai wanakuja kwenu na mahari, na mamake tayari anaongea mambo ya wajukuu. Ulikuwa umeniambia utamweleza Mungai mwenyewe, siku ukipata nguvu. Hiyo siku ndiyo nimekunyang'anya. Unisamehe ama usinisamehe, lakini mpigie leo, asikie kwa mdomo wako kabla ya kusikia kwa ndugu yake.

Msalimie mama sana, na Mungu awe nawe katika hili. Mabonga nimemwambia asiondoke hapo dukani mpaka umpe jibu, kama Jumamosi bado utanitaka jikoni kwenu kuwapikia wageni.

Ni mimi rafiki yako,
Musimbi